Kiapo cha Kimya na Sauti ya Marehemu: Uhakiki wa Filamu Directed by Andrei Tarkovsky

Ikisiri

Makala hii inahakiki Directed by Andrei Tarkovsky (1988), filamu ya hali halisi ya Michal Leszczylowski kuhusu utengenezaji wa Offret (1986), filamu ya saba na ya mwisho ya mwongozaji Mrusi Andrei Tarkovsky. Swali linaloiongoza ni hili: nani husema kwa niaba ya msanii aliyekufa, na kwa idhini ya nani? Offret inasimulia habari za mtu anayeapa kuacha kusema ili ulimwengu uokoke. Filamu inayoieleza imejaa maneno ya namna mbili: maneno ya kazini, yanayopita kinywani mwa mkalimani, na vifungu vya maandishi ya Tarkovsky vinavyosomwa na msimulizi baada ya kifo chake. Makala inajenga hoja kwamba maneno ya kazini ndiyo yanayotuonyesha mtu aliyekuwa hai na asiyejua mwisho wake, ilhali maneno ya kitabu, yanapotandazwa juu ya picha, yanaigeuza kazi yake kuwa wasia ambao hakuutunga. Hoja hiyo inapimwa kwa kulinganisha filamu hii na ile ya Chris Marker, na kwa kurejelea dhana ya wasia kama inavyojulikana katika ushairi wa Kiswahili.

1. Utangulizi

Andrei Tarkovsky alifariki mjini Paris tarehe 29 Desemba 1986 kwa saratani ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 54. Mwezi Mei mwaka huohuo Offret ilikuwa imeonyeshwa katika tamasha la Cannes na kupewa Tuzo Kuu ya Baraza la Majaji. Aliyepanda jukwaani kuipokea ni mwanawe, kwa kuwa baba alikuwa mgonjwa. Miaka miwili baadaye Michal Leszczylowski, mzaliwa wa Polandi aliyekuwa mhariri wa Offret, alitoa filamu ya dakika mia moja hivi inayoonyesha jinsi kazi hiyo ilivyofanyika. Picha za kazini zilipigwa na Arne Carlsson katika kiangazi cha 1985, kwenye kisiwa cha Gotland nchini Uswidi.

Tarehe hizi si mapambo ya utangulizi. Saratani ya Tarkovsky ilibainika Desemba 1985, miezi kadhaa baada ya upigaji wa picha kumalizika. Kwa hiyo mtu tunayemwona Gotland akiruka huku na huku kati ya kamera na waigizaji hajui kwamba anatengeneza filamu yake ya mwisho. Anajua tu kwamba anatengeneza filamu yake ya saba. Anayejua ni mhariri, aliyeketi baada ya mazishi na kuchagua kipi kibaki na kipi kitupwe. Picha ni za wakati wa kutojua. Mpangilio wake ni wa wakati wa kujua. Pengo hilo lipo katika kila filamu ya hali halisi inayohusu kazi ya mwisho ya msanii maarufu, na ubora wa filamu ya aina hiyo hutegemea namna inavyolishughulikia.

2. Offret: Kisa cha Mtu Aliyeapa Kunyamaza

Ili kuona tatizo linapoanzia, ni muhimu kuikumbuka Offret yenyewe, ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Dhabihu. Mhusika mkuu ni Alexander, anayeigizwa na Erland Josephson. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani, akaacha, akawa mhakiki na mwalimu wa nadharia za sanaa. Ni mtu wa maneno mengi, na mwenyewe anachoshwa nayo. Siku yake ya kuzaliwa inakatizwa na habari za vita ambavyo kila dalili inaonyesha ni vya nyuklia. Usiku ule, mtu ambaye hajazoea kusali anapiga magoti na kuweka nadhiri: mambo yakirejea yalivyokuwa, ataiacha familia yake, ataiteketeza nyumba yake, na hatasema tena maisha yake yote. Kwa ushauri wa Otto, tarishi wa posta, anakwenda pia usiku huohuo kwa Maria, mtumishi anayesemekana kuwa na nguvu za uchawi. Asubuhi inapokucha, umeme umerudi na vita havionekani popote. Alexander anaitimiza nadhiri. Anaichoma nyumba, na watu wanaodhani amerukwa na akili wanamchukua kwa gari la wagonjwa.

Mwanawe mdogo amekaa kimya karibu filamu nzima kwa sababu amefanyiwa upasuaji wa koo. Mwishoni kabisa, baba akiwa ameshanyamaza, mtoto analala chini ya mti mkavu waliouotesha pamoja na kutamka maneno yake ya kwanza. Anamuuliza baba asiyekuwepo kuhusu Neno ambalo Injili ya Yohana inasema lilikuwako tangu mwanzo. Lugha, kwa hiyo, inahama kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na kuhama huko kunawezekana kwa kuwa baba amekubali kuipoteza yake.

Mhakiki wa fasihi hawezi kulipita jambo hili haraka. Dhabihu kubwa zaidi ya Alexander si nyumba. Nyumba inateketea kwa dakika chache, lakini kimya ni cha kudumu. Katika tamthilia nyingi mhusika anayekaribia mwisho hupewa hotuba ndefu. Hapa ananyang'anywa hata salamu ya kuagana. Yeyote anayetengeneza filamu kuhusu Offret analazimika kujiuliza ni maneno mangapi anaweza kuyaongeza juu ya kazi iliyojengwa kuelekea kunyamaza.

3. "Mimi" wa Mkalimani

Sehemu bora za filamu ya Leszczylowski ni zile ambamo watu wanasema kwa sababu kazi inawataka waseme. Tarkovsky hakujua Kiswidi. Mpigapicha mkuu wake, Sven Nykvist, aliyefahamika kwa kazi zake na Ingmar Bergman, hakuwa na Kirusi. Josephson aliwahi kufanya kazi na Tarkovsky katika Nostalghia (1983), filamu iliyotengenezwa Italia, ambamo aliigiza mtu anayejiteketeza kwa moto hadharani. Susan Fleetwood, anayeigiza mke wa Alexander, alikuwa Mwingereza, na Guðrún Gísladóttir, anayeigiza Maria, alitoka Iceland. Kati ya watu hawa wote alisimama mkalimani, Layla Alexander-Garrett, ambaye baadaye aliandika kitabu chake mwenyewe kuhusu siku hizo.

Kuwepo kwa mkalimani kunabadilisha kila kitu tunachokiona. Mwongozaji anasema jambo kwa Kirusi kwa haraka, mikono ikichora hewani kile anachokitaka. Linafuata tendo la kutafsiri. Kisha huja jibu, na jibu nalo hutafsiriwa. Katika nafasi hiyo finyu kati ya kauli na tafsiri yake mtazamaji anapata kumwona Tarkovsky akisubiri, akiangalia nyuso kama amefahamika, na mara nyingine akiacha maneno na kwenda mwenyewe kuonyesha hatua au kuhamisha kitu kwa mkono wake. Anachungulia katika kamera tena na tena. Anajali mahali pa kiti, mwendo wa mwigizaji, ukungu na mwanga. Haelezi maana ya filamu yake kwa sababu hakuna aliye na nafasi ya kumsikiliza: jua linakwenda.

Kwa kawaida ya kazi yake, mkalimani husema kwa nafsi ya kwanza. Mwongozaji anaposema anataka kitu fulani, mkalimani hasemi "yeye anataka", husema "nataka". "Mimi" huyu ni wa kuazima, na kila aliyepo anajua ni wa kuazima. Mwenyewe amesimama pale pale. Tafsiri ikienda kombo, anaweza kuona usoni mwa msikilizaji kwamba imekwenda kombo, akarudia, akaongeza ishara, au akakasirika. Kauli ya mkalimani inaweza kusahihishwa na mtu anayewakilishwa nayo, na uwezekano huo ndio unaoifanya iwe ya haki hata inapokosea. Tutakapofika kwa msimulizi wa filamu, tofauti hii ndiyo itakayokuwa kipimo.

4. Nyumba Iliyoungua Mara Mbili

Kilele cha filamu ya hali halisi ni kilekile cha Offret: moto. Tarkovsky alitaka nyumba iteketee katika picha moja ndefu isiyokatwa. Alexander akimbie huku na huku mbele ya nyumba inayowaka, familia imfukuze, gari la wagonjwa lifike, akamatwe, aponyoke, akamatwe tena, na nyumba iporomoke, kamera ikifuata yote hayo kutoka mbali kwenye reli zake. Kazi ya namna hiyo haina marekebisho. Moto haumsubiri mtu aliyesahau nafasi yake.

Katika jaribio la kwanza kamera ilikwama. Nyumba iliwaka kama ilivyopangwa, waigizaji walifanya yaliyowapasa, lakini picha haikupatikana. Hapa filamu ya Leszczylowski inapata jambo ambalo hakuna kitabu cha nadharia kingeweza kulitoa. Tunawatazama watu wakitazama nyumba inayoteketea bure. Hakuna la kufanya. Hata kuuzima moto hakungesaidia. Nguvu ya onyesho hili haitokani na maelezo yoyote, wala haihitaji lugha moja. Warusi na Waswidi wanaelewana vizuri kabisa katika dakika hizo.

Nyumba ilijengwa upya, kwa gharama kubwa, na kuchomwa tena. Mara hii kamera mbili ziliwekwa kwenye reli zilizokwenda sambamba. Picha iliyopatikana, ya zaidi ya dakika sita, ndiyo iliyomo katika Offret, na ilipokamilika watu walilia na kukumbatiana.

Maana ya tukio hili inapita kisa cha kazini cha kusisimua. Katika hadithi, thamani ya dhabihu ya Alexander inatokana na kwamba haiwezi kurudiwa wala kurejeshwa. Akiichoma nyumba, imekwisha. Katika utengenezaji, nyumba ileile ilitolewa dhabihu mara mbili: mara ya kwanza bila kupokelewa, mara ya pili ikapokelewa. Sanaa, tofauti na nadhiri, huruhusu kurudia, mradi watu wakubali kulipa na kuanza upya. Filamu ya hali halisi inatuonyesha ukweli ambao Offret kwa asili yake haiwezi kuuonyesha, yaani kwamba nyuma ya tendo la mtu mmoja aliye peke yake kuna mafundi seremala, wawasha moto, wasukuma kamera na mkalimani. Alexander anajitoa peke yake. Tarkovsky hakuweza kujitoa peke yake hata kama angetaka. Alihitaji watu wa kumjengea nyumba nyingine.

Ikiwa filamu ya Leszczylowski ingekuwa na onyesho hili pekee, bado ingestahili kutazamwa na kila anayesoma sanaa za maonyesho. Inapingana, bila kusema neno, na taswira ya msanii kama nabii wa jangwani.

5. "Mimi" wa Msimulizi

Lakini filamu haikutosheka na hayo. Mara kwa mara, juu ya picha za kazini, inaingia sauti ya msimulizi. Katika toleo la Kiingereza ni ya mwigizaji Brian Cox. Sauti hii inasoma maandishi ya Tarkovsky, hasa kitabu chake cha nadharia ya filamu kinachofahamika kwa Kiingereza kama Sculpting in Time. Nayo pia inasema "mimi". Inazungumzia wajibu wa msanii, imani, wakati, na ulimwengu uliopoteza uhusiano wake na mambo ya roho.

Ni haki kwanza kutambua faida yake. Mtazamaji ambaye hajakisoma kitabu anapewa fikra za mtu anayemtazama, na fikra hizo ni zake kweli. Leszczylowski hakumzulia neno. Aidha, Tarkovsky mwenyewe aliandika kuhusu Offret katika kitabu hicho, akaieleza kama hadithi ya kimafumbo inayoweza kusomwa kwa njia zaidi ya moja. Hakuwa mtu wa kuogopa kueleza.

Hata hivyo, zipo sababu tatu za kuitilia shaka mbinu hii. Ya kwanza ni ya kilugha. Maneno anayosoma Cox si maneno ya Tarkovsky moja kwa moja. Ni Kiingereza cha mfasiri wa kitabu, Kitty Hunter-Blair. Jina lenyewe la kitabu linaonyesha umbali uliopo. Kwa Kirusi, jina lake hudokeza wakati uliotiwa chapa, kama alama ya muhuri kwenye nta. Kwa Kiingereza wakati huo unachongwa, kama jiwe mbele ya mchongaji. Taswira ya kuchonga nayo imo ndani ya kitabu, kwa hiyo jina la Kiingereza halikubuniwa kutoka hewani. Lakini kutia chapa na kuchonga ni matendo mawili: katika la kwanza wakati wenyewe unaacha alama yake, katika la pili msanii anaukata. Msimulizi hawezi kutuambia kwamba kuna chaguo lililofanywa hapo. Kwenye uwanja wa Gotland tafsiri inaonekana. Katika sauti ya msimulizi imefichwa.

Sababu ya pili inahusu wakati. Vifungu vya kitabu viliandikwa kwa nyakati mbalimbali, kwa utulivu wa mezani. Vinapowekwa juu ya mtu anayehangaika na ukungu, vinamfanya aonekane kana kwamba kila hatua yake ilitokana na kanuni. Mtu anayejaribu, anayekosea na kubadili nia anageuzwa mtu anayetekeleza. Onyesho la kamera iliyokwama linakanusha jambo hilo, lakini onyesho ni moja na vifungu ni vingi.

Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo inaturudisha kwa mkalimani. "Mimi" wa mkalimani alikuwa na mwenyewe wa kumsahihisha. "Mimi" wa msimulizi hana. Mwandishi wa maneno amekufa, na mhariri ndiye anayeamua neno lipi likae juu ya uso upi. Kuchagua kifungu kuhusu kifo na kukiweka juu ya uso wa mtu ambaye, siku uso huo ulipopigwa picha, alikuwa akiwaza tu kama mvua itanyesha, ni kumfanya aseme jambo ambalo hakulisema. Kila neno ni lake, lakini kauli si yake. Wanaisimu wana sababu ya kuisisitiza tofauti hiyo: maana ya kauli haimo ndani ya maneno peke yake, imo pia katika mahali na wakati wa kutamkwa, na katika nani anamwambia nani.

6. Wasia Usiotungwa

Utanzu unaonyemelea filamu hii una jina linalofahamika vyema kwa wasomaji wa fasihi ya Kiswahili: wasia. Mfano wake mashuhuri ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 hivi na mama aliyekuwa mgonjwa kwa ajili ya binti yake. Mwana Kupona anamwita binti akaribie na wino na karatasi, na tangu hapo kila analolisema linabeba uzito wa mtu anayejua kwamba hatakuwepo. Msemaji anajua hali yake, msikilizaji anajua anaagwa, na tendo la kuusia linafanywa kwa makusudi. Masharti hayo matatu ndiyo yanayoufanya wasia uwe wasia. Kifo cha mtunzi baada ya kutunga hakitoshi.

Offret inashawishi isomwe hivyo. Tabaruku yake inamtaja mwana wa mwongozaji, na inazungumza juu ya matumaini. Lakini mazingira ya tabaruku hiyo yana historia yake. Julai 1984, mjini Milano, Tarkovsky alitangaza kwamba hatarejea Muungano wa Kisovieti. Mwanawe na mama mkwe wake walibaki huko, na serikali haikuwaruhusu kutoka hadi Januari 1986, ugonjwa wa baba ulipokwisha kujulikana. Nyumba ilipokuwa ikichomwa Gotland, mtoto alikuwa nyuma ya mpaka usiovukika. Baba anayeondolewa machoni pa mwanawe mwishoni mwa Offret ana chanzo kilicho karibu zaidi kuliko kaburi: chanzo hicho ni uhamisho. Anayeisoma tabaruku kama maneno ya mtu aliye kitandani anaufuta utengano wa kisiasa na kuweka mahali pake majaaliwa.

Kishawishi kingine kinatokana na historia ya muswada. Kabla ya kuwa Offret, wazo lake la awali liliitwa "Mchawi", na lilihusu mtu mwenye saratani anayepona baada ya kulala na mwanamke mchawi. Baadaye ugonjwa wa mtu mmoja uliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na vita vinavyotishia wote. Kisha mwongozaji mwenyewe akaugua saratani. Zaidi ya hayo, tarehe 26 Aprili 1986, wiki chache tu kabla ya Cannes, kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka. Si ajabu kwamba watu walianza kuzungumza juu ya utabiri. Lakini utabiri ni jina tunalolipa neno lililotangulia tukio baada ya tukio kutokea. Aliyeandika juu ya mgonjwa aliyepona aliandika hadithi ya uponyaji. Waliosoma baadaye ndio walioigeuza hadithi ya kifo.

Filamu ya Leszczylowski haisemi waziwazi kwamba Offret ni wasia. Inafanya hivyo kwa mpangilio: mjane Larissa anazungumza juu ya mumewe, sauti ya marehemu inasomwa, na picha za kiangazi zinafunikwa na kivuli cha majira ya baridi yaliyofuata. Masharti ya wasia yanatimizwa na waliobaki, kwa niaba ya mtu ambaye hakuyatimiza.

7. Njia ya Chris Marker

Kwamba kuna njia nyingine kunathibitishwa na filamu ya Mfaransa Chris Marker, Une journée d'Andreï Arsenevitch, iliyotolewa mwaka 2000 ikiwa na dakika 55. Marker naye alikuwa Gotland na kupiga picha za moto ule. Kisha, Januari 1986, alikuwepo mjini Paris na kamera wakati mwana alipofika na kumkumbatia baba aliyelala kitandani, akiendelea kufuatilia ukamilishaji wa filamu yake.

Marker hafichi kifo nyuma ya kazi wala hakichanganyi nayo. Anakiweka mbele: mtu huyu anaumwa, familia inakutana, na filamu bado ina mambo ya kukamilishwa. Sauti inayosimulia si ya Tarkovsky. Ni maelezo ya Marker mwenyewe, yaliyosomwa na mwanamke, yanayomzungumzia Tarkovsky kwa nafsi ya tatu. Uamuzi huo wa kisarufi una matokeo ya kimaadili. Nafsi ya tatu inakiri umbali; inasema, "hivi ndivyo mimi rafiki na mtazamaji ninavyomwona." Mtazamaji anaweza kuukataa uhakiki wa Marker bila kuhisi kwamba amemkatalia marehemu.

Aidha, Marker anaeleza kwa kuonyesha. Anabainisha kwamba kamera ya Hollywood hupenda kumtazama mtu kutoka chini ili mbingu iwe nyuma yake, ilhali kamera ya Tarkovsky huelekea kumtazama kutoka juu, ardhi ikiwa nyuma yake. Anaonyesha kwamba filamu ya kwanza ya Tarkovsky, Utoto wa Ivan (1962), inaanza na mtoto kando ya mti, na ya mwisho inaishia na mtoto chini ya mti. Anaitaja pia simulizi ambayo Tarkovsky alipenda kuisimulia: kwamba katika kikao cha kuita mizimu, roho ya mshairi Boris Pasternak ilimwambia atatengeneza filamu saba tu, lakini nzuri. Hapa Marker mwenyewe anakaribia kishawishi kilekile cha utabiri. Kinachomwokoa ni kwamba simulizi inabaki simulizi, yenye ucheshi wake, na haiwekwi kinywani mwa mtu kama kauli ya kuaga.

Ulinganisho huu hauifanyi filamu ya Leszczylowski kuwa dhaifu kwa kila kipengele. Marker ana moto. Leszczylowski ana siku nyingi za kazi zilizouzunguka moto, na hakuna hazina nyingine inayotuonyesha kwa kirefu kiasi hicho namna Tarkovsky alivyofanya kazi. Anachokosa ni imani ya kutosha katika hazina yake mwenyewe. Mhariri aliyekata Offret pamoja na Tarkovsky alijua thamani ya picha iliyoachwa ijisemee. Alipobaki peke yake, aliogopa kimya.

8. Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba Directed by Andrei Tarkovsky ina sauti mbili zinazosema "mimi" kwa niaba ya mtu mmoja. Ya mkalimani ni ya muda na yenye makosa, lakini mwenyewe yupo kuisahihisha. Ya msimulizi ni safi na ya kudumu, na hakuna anayeweza kuisahihisha. Mtazamaji anayezisikia zote mbili kwa makini ataona kwamba ya kwanza, pamoja na kukatika kwake, ndiyo iliyo karibu zaidi na mtu.

Funzo hilo linaugusa uhakiki wa fasihi ya Kiswahili pia. Kazi zinazotoka baada ya kifo cha mtunzi, kama vile Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote za Shaaban Robert zilizochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya yeye kufariki, huweza kusomwa kwa urahisi kama usia wa mwisho. Mhakiki anapaswa kutenganisha mwaka wa kutunga na mwaka wa kuchapa, na kuuliza mtunzi alijua nini alipokuwa akiandika. Anayepewa wasia ambao hakuutunga ananyimwa kitu kikubwa: haki ya kuwa alikuwa katikati ya safari, akiwa na mipango mingine.

Alexander aliapa kunyamaza, na Offret ikamheshimu kwa kumpa mtoto wake neno la mwisho, nalo likawa swali. Filamu kuhusu Offret inafika karibu zaidi na heshima hiyo pale Gotland, kamera ilipokwama na nyumba ikaungua, kila mtu akasimama akitazama, na mkalimani naye hakuwa na la kutafsiri.